Mjomba, kampuni inataka niseme mafunzo yangu ni ya lazima

Shikamoo Mjomba,

Naandika usiku kwa sababu mchana nakosa ujasiri. Mimi ni mwanafunzi wa kigeni hapa Ujerumani, nasoma shahada ya uzamili ya lojistiki Magdeburg, na muhula wa pili ndio unaishia. Tangu Januari nimekuwa nikifanya kibarua ghalani, kupanga na kuskani mizigo, ili nisiimalize ile akaunti ya dhamana niliyofungua kwa ajili ya viza. Nimeweka hesabu kwenye daftari: mpaka leo nimetumia siku 52 nzima za kazi, kati ya zile ninazoruhusiwa kwa mwaka.

Nilituma maombi 41 ya mafunzo kwa vitendo. Arobaini na moja, Mjomba, sikutanii. Wengi hawakujibu kabisa. Juzi kampuni moja ndogo ya Stuttgart ikanipigia. Wanatengeneza programu za kusimamia maghala, yaani ndicho hasa ninachokisoma. Tuliongea kwa video kama dakika ishirini, wakasema nimewapendeza. Wanataka nianze tarehe 1 Agosti mpaka mwisho wa Desemba, saa 40 kwa wiki, na watanipa yuro 300 kwa mwezi, "za nauli". Nilipouliza mkataba, mama anayeshughulikia wafanyakazi akasema tutasaini nikishafika. Halafu akaongeza kwamba nije na karatasi ya chuo inayosema mafunzo haya ni ya lazima katika kozi yangu.

Si ya lazima. Kwenye kozi yetu anayetaka anafanya, asiyetaka anaacha. Nilimweleza rafiki yangu akacheka. Ana barua ya mwanafunzi wa kozi nyingine, anasema tubadili jina na namba ya usajili, mambo yaishe, "kila mtu anafanya". Sijafanya, lakini ile faili nimeifungua mara tatu.

Tatizo jingine, nimeshawajibu kwa baruapepe kwamba nakubali. Nyumbani nimewaambia, na mama amewaambia wote wanaomjua. Na kuna chumba Stuttgart, cha mwanafunzi anayekwenda kusoma nje muhula mmoja. Anataka nitume dhamana ya miezi miwili kabla sijakiona, na anasema pale kwake sitaweza kuandikisha anwani.

Nifanyeje? Nikiuliza maswali mengi naogopa wataniona msumbufu, wamchukue mwingine. Na Kijerumani changu ni cha kuombea maji.

Mpwa wako,
Mwenye Siku 52

Marahaba, mpwa wangu.

Ile faili ifute. Usiihamishie kwenye folda nyingine ukasema utaamua kesho. Ifute leo, halafu urudi tuendelee.

Umefuta? Haya. Kubadili jina kwenye barua ya chuo ni kughushi nyaraka, na Ujerumani hilo ni kosa la jinai, kifungu cha 267 cha sheria yao ya jinai. Rafiki yako anasema kila mtu anafanya. Mimi naona hivi: ile karatasi haitapotea. Itakaa kwenye jalada la kampuni, na siku yoyote mtu wa mishahara, au mkaguzi, anaweza kukipigia chuo simu ya dakika mbili. Mzaliwa wa pale akikamatwa ataaibika na kulipa faini. Wewe unaishi kwa kibali chenye tarehe ya kuisha, na atakayekihuisha ana haki ya kuuliza umeishije. Huyo rafiki yako siku hiyo hatakuwepo.

Sasa tumsikilize vizuri yule mama, kwa sababu hakuomba karatasi kwa ajili ya kupamba jalada. Ujerumani mafunzo kwa vitendo ya mwanafunzi yana majina mawili, na karibu kila kitu unachokiogopa kinaamuliwa na jina lipi limeandikwa. Kuna mafunzo ya lazima, wenyewe huyaita Pflichtpraktikum, yaani yale yaliyoandikwa kwenye kanuni za masomo za kozi yako kwamba bila hayo huhitimu. Na kuna mafunzo ya hiari, ambayo umeyatafuta mwenyewe kwa faida yako. Kazi inaweza kuwa ileile, meza ileile, kompyuta ileile. Sheria inayaona kuwa vitu viwili tofauti.

Tuanze na pesa. Ujerumani iliweka kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima tarehe 1 Januari 2015, na tangu Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa. Mafunzo ya lazima yako nje ya sheria hiyo; kampuni inaweza kukulipa kidogo au isikulipe kabisa. Mafunzo ya hiari ndani ya masomo nayo yako nje, ila kwa muda usiozidi miezi mitatu, na ni lazima uwe hujawahi kufanya mafunzo ya namna hiyo kwa mwajiri huyohuyo. Yakipangwa kwa zaidi ya miezi mitatu, kima cha chini kinadaiwa tangu siku ya kwanza. Wengi hudhani kinaanza mwezi wa nne. Hapana, siku ya kwanza.

Chukua kalamu. Saa 40 kwa wiki kwa yuro 13.90 inakaribia yuro 2,400 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa miezi mitano ni kama 12,000. Wao wanataka kukupa 300 mara tano, ambazo ni 1,500. Kwa hiyo ile karatasi ya chuo ina thamani ya zaidi ya yuro 10,000, na thamani hiyo yote ni yao. Wewe ungeghushi, ukabeba hatari, ili mtu mwingine abakishe pesa mfukoni. Sijawahi kuona wizi ambao anayeibiwa ndiye anayebeba hatari ya mwizi namna hiyo.

(Na hizo "za nauli" zimenichekesha. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima, ile ya mabasi na treni za kawaida, mwaka huu ni yuro 63. Nauli ya yuro 300 labda unakwenda kazini kwa farasi.)

Sisemi yule mama ni tapeli. Vyuo vingi vya sayansi tumizi Ujerumani vina muhula mzima wa mafunzo ya lazima, na kampuni ndogo ikizoea wanafunzi wa aina hiyo huomba barua kwa mazoea, kama mlinzi anavyoomba kitambulisho. Inawezekana hajui kwamba wewe si wa aina hiyo. Inawezekana anajua. Utamjua kwa jibu atakalokupa ukimwambia ukweli, ndiyo maana ukweli lazima umfikie kabla hujafunga sanduku.

Sasa hizo siku 52, na nakupongeza kwa daftari, kwa sababu wenzako wengi hukisia. Tangu tarehe 1 Machi 2024 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Zamani zilikuwa 120 na 240, ndiyo maana bado utakutana na watu wanaokutajia namba za zamani kwa uhakika mkubwa. Kazi isiyozidi muda wa saa nne kwa siku ni nusu siku. Ikizidi hapo ni siku nzima. Mafunzo ya lazima hayagusi hesabu hiyo, kwa kuwa ni sehemu ya masomo. Mafunzo ya hiari yanaila, hata kama hulipwi senti. Hapo ndipo wengi huteleza: wanadhani kisicholipwa si kazi.

Kuanzia Agosti mpaka Desemba kuna siku za kazi zaidi ya 100. Ukijumlisha na 52 zako umeuvuka mpaka. Kwa mpango wao, basi, utakuwa umelipwa chini ya sheria na umezidisha siku kwa pamoja, huku barua ya uongo ndiyo inayofunika yote mawili. Ukitaka kuzidi siku 140 kihalali inabidi ofisi ya wageni ikupe ruhusa maalumu, na idara ya ajira ya serikali huulizwa nayo. Inawezekana, lakini si jambo la wiki moja.

Basi ufanye nini? Kesho asubuhi nenda kwa mratibu wa kozi yako na kanuni za masomo mkononi, umuulize swali moja: je, kuna njia yoyote ya mafunzo haya kuhesabiwa ndani ya kozi? Kozi nyingine zina moduli ya kuchagua ambayo mwanafunzi akiichukua hupewa alama kwa mafunzo ya kazini. Kama ipo, chuo ndicho kitakachosema inahesabika vipi, na kiseme kwa maandishi na muhuri. Akikuambia haipo, mshukuru utoke. Usimbembeleze akuandikie barua ya "kusaidia tu". Ameshakujibu.

Haipo? Basi mpango ninaoupenda mimi ni huu: pendekeza miezi mitatu, Agosti, Septemba na Oktoba. Hapo kampuni ina haki ya kukulipa chini ya kima cha chini bila kuvunja sheria yoyote, na siku zako zitakuwa kama 65. Ongeza 52, unapata 117, na bado una akiba. Wakikupenda, Novemba na Desemba uendelee nao kama mwanafunzi mfanyakazi, Werkstudent kwa lugha yao, kwa mkataba mwingine wa saa zisizozidi 20 kwa wiki na mshahara usiopungua kima cha chini. Wiki ya namna hiyo wakati wa vipindi huhesabiwa siku mbili na nusu tu. Wiki tisa ni 22.5. Na kwa kuwa ni kampuni ya programu, huenda kazi hiyo ukaifanya ukiwa Magdeburg, karibu na madarasa yako.

Jumlisha: 117 na 22.5 ni 139.5. Imebaki nusu siku! Nimepiga hesabu hiyo mara mbili nikicheka peke yangu. Lakini usiishi kwenye ukingo wa namna hiyo, maana Jumamosi moja tu ya ghalani ingekutosa. Kibarua cha ghalani uache kuanzia leo. Kisha daftari lako lipeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni wakukagulie, kwani wiki za likizo ya muhula zina hesabu nyepesi zaidi na yawezekana ukaongezewa nafasi ambayo mimi sijakuhesabia.

Kuhusu zile 300: omba 600. Sikutaji namba hiyo kwa tamaa. Mwaka 2026 mpaka wa malipo ya kazi ndogo, wenyewe huiita Minijob, ni yuro 603 kwa mwezi, na ukibaki chini yake bima yako ya afya ya mwanafunzi inaendelea kama ilivyo. Ukivuka mpaka huo kwa kazi ya saa 40 ya hiari katikati ya muhula, makato ya bima za jamii yanaanza kukunyemelea. Bima ya ajali kazini, ambayo inakulinda hata njiani kwenda na kurudi, ni mzigo wa mwajiri. Wewe hulipi chochote. Kampuni yako ya bima ya afya ipigie simu kabla ya Agosti uwaeleze, wanapenda sana kuambiwa mapema.

Sasa hofu yako ya kuonekana msumbufu. Hii naielewa kuliko zote, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba mgeni haulizi chumvi iko wapi. Lakini sikiliza: sheria ya Ujerumani inamtaka mwajiri akupe masharti ya mafunzo kwa maandishi kabla hujaanza. Malengo ya kujifunza, tarehe ya kuanza na muda, saa za kazi kwa siku, malipo na namna yatakavyolipwa, siku za likizo, vyote vinatakiwa viwemo. Kwa hiyo "tutasaini ukishafika" si ukarimu wa kampuni ndogo. Unapoomba mkataba unaomba kitu ambacho tayari wanadaiwa. Na kukubali kwako kwa baruapepe hakukuzuii kuuliza. Mtu aliyekubali posa bado anauliza harusi lini na wapi.

Waandikie kesho baada ya kutoka kwa mratibu. Mfupi, wazi. Mtafute mwenzako anayejua Kijerumani vizuri akugeuzie maneno haya:

"Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa, na bado nina hamu kubwa ya kuja. Nimezungumza na chuo. Katika kozi yangu mafunzo kwa vitendo ni ya hiari, kwa hiyo barua mliyoniomba haiwezi kutolewa. Kibali changu cha ukaazi pia kina kikomo cha siku za kazi kwa mwaka. Napendekeza mafunzo ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Agosti mpaka 31 Oktoba, kwa yuro 600 kwa mwezi. Baada ya hapo, mkiridhika, ningependa kuendelea kama mwanafunzi mfanyakazi kwa saa 20 kwa wiki. Naomba mnitumie rasimu ya mkataba kabla ya mwisho wa mwezi huu ili nipange safari na chumba."

Umeona? Hakuna samahani hata moja. Ukianza na samahani tatu, msomaji wa kule atatafuta kosa ulilofanya. Barua ya namna hii huisoma kama barua ya mtu anayejua mambo yake, na kampuni inayotengeneza programu za maghala inatakiwa impende mtu anayehesabu siku zake kwenye daftari.

Wakijibu kwamba bila karatasi hawakutaki, hapo wamekujibu lile swali tuliloliacha juu. Uchungu utakuwepo, siufichi, hasa simu ya kwanza kwa mama yako nyumbani. Wakikuingiza kwa ujanja mwingine, sijui mkataba wa miezi mitatu na ahadi ya mdomo kwamba "utaongeza miwili kwa bei ileile", usisaini kwanza. Kuna mtandao wa ushauri unaoitwa Faire Integration, uko nchi nzima, na hushauri watu waliotoka nje ya Umoja wa Ulaya kuhusu haki zao kazini, bure na kwa lugha kadhaa. Serikali ya wanafunzi chuoni kwako nayo mara nyingi ina mwanasheria siku fulani ya wiki. Wapelekee rasimu. Na ujue kwamba kima cha chini hukaguliwa na watu wa forodha, wala si mchezo kwa mwajiri. Faini inaweza kufika yuro 500,000. Hiyo sikuambii ukamtishie mtu. Nakuambia ili ujue kwamba kampuni nayo ina sababu ya kupenda mambo yaliyonyooka.

Kwenye mkataba, mstari wa kuusoma mara mbili ni ule wa malengo ya kujifunza. Mimi mwenyewe nilifanya mafunzo huko miaka mingi iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, na mkataba wangu ulisema "kusaidia shughuli za idara". Basi nikasaidia. Wiki nne nilitoa nakala, nikapanga majalada kwa rangi, nikajua ufundi wa mashine ya kahawa kuliko fundi wake. Sikuwa na mstari wa kuwaonyesha nikasema, "Jamani, hapa mliandika mtanifundisha kitu fulani." Wewe andikisha kitu chenye jina: kujaribu moduli ya kupokea mizigo, kuchambua data za maghala, kukaa na mteja mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Na uombe liandikwe jina la msimamizi wako.

Mwisho wa mafunzo utadai cheti, nacho ni haki yako. Ila cheti cha Kijerumani kinasomwa kwa miwani maalumu. Mimi changu kilisema, kwa tafsiri, kwamba "alijitahidi kutimiza kazi alizopewa". Nikafurahi, nikakiweka kwenye fremu. Kilikaa ukutani karibu mwaka, mpaka mgeni mmoja Mjerumani aliyekuja kunywa chai akakisoma, akanyamaza, akaniuliza kwa upole kama ninajua maana yake. Kumbe kwa lugha ya vyeti "alijitahidi" maana yake alishindwa. Ngazi zenyewe ni hivi: "kwa kuturidhisha" ni alama ya kupita kwa shida; "kwa kuturidhisha kikamilifu" ni wastani; ukiongezwa "daima" mbele yake ni vizuri; na vizuri sana huandikwa "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit", ambayo hata wenyewe wanakiri kwamba kisarufi haina mantiki, kwani kilichojaa hakiwezi kujaa zaidi. Kwa hiyo omba cheti wiki mbili kabla ya kuondoka, kisome na mtu anayejua, na ukikuta neno la kujitahidi rudi ukaongee wakati bado unaingia kwa mlango wa mbele.

Chumba. Mwenye chumba anaposema hutaweza kuandikisha anwani, mimi husikia sentensi nyingine chini yake: mwenye nyumba hajui kwamba chumba kinapangishwa. Ujerumani mpangaji anayempangisha mtu mwingine anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Mwombe akutumie ruhusa hiyo kwa maandishi. Mtu wa kweli atakutumia, au atasema ngoja niombe. Tapeli atakuambia kuna watu wengine kumi wanakitaka leo jioni.

Dhamana yenyewe kisheria haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za umeme na maji, kwa hiyo miwili si dhuluma. Dhuluma ni kuituma kabla hujakiona chumba wala kushika mkataba. Stuttgart vyumba ni vya kugombania na bei yake inauma, najua, na ndiyo maana matapeli wanajazana huko. Mtafute mwanafunzi mmoja aliye Stuttgart, jumuiya za wanafunzi wa kigeni haziko mbali, aende akagonge mlango na kukuonyesha chumba kwa video, dirisha, bafu, jina kwenye kengele. Halafu mkataba, halafu pesa, kwa benki. Na sheria inakuruhusu kulipa dhamana kwa mafungu matatu.

Kuhusu kuandikisha anwani, hapa nina habari njema kidogo. Kanuni ni kwamba ukihama unaandikisha ndani ya wiki mbili, na mwenye nyumba anatakiwa akupe karatasi ya uthibitisho. Lakini mtu ambaye tayari ameandikishwa Ujerumani, akichukua makazi ya pili kwa muda usiozidi miezi sita, halazimiki kuandikisha yale ya muda. Kwa hiyo ukibakiza chumba chako cha Magdeburg, miezi yako mitatu ya Stuttgart haina haja ya kuandikishwa popote. Ukikiacha cha Magdeburg kabisa, hali inabadilika, na chumba kisichoandikishika hakikufai. Kama kodi mbili ni mzigo, uliza bwenini kwako kama unaweza kumwachia mtu kwa miezi hiyo, kwa ruhusa kama ile unayomtaka mwenzako awe nayo.

Yaliyobaki ni madogo. Siku ya kazi ni saa nane, ikizidi sita una haki ya mapumziko ya nusu saa, nayo uyachukue. Kula mezani huku unaandika hakumfurahishi mtu yeyote. Ukiugua, piga simu kabla ya saa ya kuanza kazi, na cheti cha daktari kiwe kimepatikana ifikapo siku ya nne, au mapema zaidi kama mkataba unataka hivyo. Siku usiyoelewa ulichoambiwa, sema hujaelewa hapohapo. Kijerumani cha kuombea maji kinatosha kwa sentensi hiyo, na wiki ya kwanza huulizwi kwa nini unauliza. Wiki ya sita utaulizwa.

Mama yako usimwambie bado kwamba kuna tatizo. Mwambie tarehe bado zinapangwa, jambo ambalo ni kweli tupu. Na nijulishe kwa barua watakachojibu.

Ukifika, saa sita mchana mtu usiyemjua atakupita koridoni akuambie "Mahlzeit", yaani wakati wa chakula. Usisimame kumweleza kwamba huna njaa, kama nilivyofanya mimi. Ni salamu. Mjibu hivyohivyo, kila mtu aendelee na safari yake.

Mjomba